Kabla ya Kupiga Msasa: Alama za Ndege za Kijapani Zilizotekwa Vitani

Waheshimiwa walimu, mafundi wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mnaoingia karakana kwa mara ya kwanza wiki ijayo: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mwalimu wenu aliponialika alisema, "Mzee, waambie habari za rangi." Nimefurahi, kwa sababu kazi ya rangi hudharauliwa. Fundi injini husifiwa, fundi umeme huogopwa, lakini sisi wa rangi huonekana kama watu wa kupamba tu. Zaidi ya miaka thelathini nimepuliza rangi za ndege na kuzibandua, na leo nataka niwapeleke mbali kidogo: Pasifiki, miaka ya 1941 hadi 1945, kwenye ndege za kivita za Japani zilizoangukia mikononi mwa maadui zake. Huko rangi ilisema mambo mengi kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Huko pia ilinyamazishwa upesi sana, mara nyingi na mafundi kama mimi na ninyi.

Hapa mezani nimeleta kipande cha bati la bawa. Msikiguse kwanza. Tutakirudia.

Nianze na ndege moja. Tarehe 4 Juni 1942, rubani kijana wa miaka kumi na tisa, Tadayoshi Koga, aliruka kutoka manowari ya kubebea ndege iitwayo Ryujo kwenda kushambulia Dutch Harbor, katika visiwa vya Aleutian huko Alaska. Risasi iliyopigwa kutoka ardhini ilikata bomba la mafuta ya kulainishia injini. Koga akaelekea kisiwa cha Akutan, akaona uwanja wa majani, akashusha magurudumu ili atue. Kumbe ni kinamasi. Magurudumu yalizama, ndege ikapinduka kichwa chini, naye akafa hapo hapo. Wenzake wawili waliokuwa angani walikuwa na amri ya kuiteketeza ndege yoyote iliyoanguka kwenye ardhi ya adui. Hawakuiteketeza, maana walidhani huenda mwenzao yu hai ndani yake. Mwezi Julai, ndege ya doria ya Wamarekani ikaiona.

Ilikuwa ile waliyoiita Zero. Jina hilo lenyewe ni alama ya tarehe. Wajapani walikuwa na hesabu yao ya miaka, wakianzia kwa mfalme wa kwanza wa masimulizi yao, na mwaka wetu wa 1940 kwao ulikuwa wa 2600. Ndege iliyoingia jeshini mwaka huo ilipewa tarakimu ya mwisho: sifuri. Ya mwaka 2601 ikawa Aina ya 1, ya mwaka 2604 ikawa Aina ya 4. Ukijua hesabu hiyo, jina la ndege linakuambia iliingia kazini lini.

Kwenye mkia wa ndege ya Koga palikuwa na maandishi DI-108. Hizo herufi na namba hazikuwekwa kwa urembo. D na I zilitaja kikosi cha manowari na manowari yenyewe, yaani Ryujo. Namba za mia moja zilikuwa za ndege za kupigana na ndege nyenzake. Za mia mbili zilikuwa za wale waliotumbukia kutoka juu na bomu, na za mia tatu za wale waliobeba torpedo. Manowari nyingine zilikuwa na herufi zao: AI ilikuwa Akagi, AII ilikuwa Kaga, EI ilikuwa Shokaku. Tena kila manowari ilikuwa na mkanda wa rangi kuzunguka kiwiliwili cha ndege, nyuma ya lile duara jekundu la jua ambalo wenyewe huliita hinomaru. Akagi mkanda mmoja mwekundu, Kaga miwili. Soryu mmoja wa buluu, Hiryu miwili. Shokaku mmoja mweupe, Zuikaku miwili. Mtu mwenye macho makali akiwaona angani alijua ni wa nyumba gani, kama sisi tunavyojua ng'ombe wa nani kwa kutazama chapa pajani.

Basi ndege ya Koga ikasafirishwa hadi San Diego, ikatengenezwa, mkia wake uliovunjika ukaungwa upya, na tarehe 20 Septemba 1942 ikaruka tena, safari hii ikiendeshwa na rubani wa Marekani, Eddie Sanders. Waligundua mambo ambayo yaliokoa maisha ya watu wao: kwamba ikienda kasi sana usukani wa kuilaza upande huwa mzito, kwamba hugeuka kushoto kwa wepesi kuliko kulia, na kwamba injini hukatika ukiisukuma pua chini ghafla. Haya yameandikwa sana, sitayarudia.

Linalonihusu mimi ni hili: kabla haijaruka ilipakwa rangi. Buluu iliyochanganyika na kijivu juu, kijivu chepesi chini, na nyota nyeupe ya Marekani mahali pa hinomaru. Ilibidi. Hebu fikiria mpiga mizinga wa pwani ya California anaona Zero inapita juu ya kichwa chake mwaka 1942. Angeuliza maswali? Siwalaumu hata kidogo. Lakini rangi ya asili ya ndege ile, iliyopigwa kiwandani mwa Mitsubishi mwezi Februari mwaka huo huo, ilifunikwa, na mwaka 1945 ndege yenyewe ikaharibiwa ikiwa ardhini, ikagongwa na ndege nyingine uwanjani San Diego. Vimebaki vipande vichache tu.

Na hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu rangi halisi ya Zero za mwanzo imewakosesha watu usingizi kwa miaka mingi. Picha nyingi ni nyeusi na nyeupe. Wengine walisema nyeupe, wengine kijivu. Wapo Wajapani wa wakati ule waliotumia neno ameiro, yaani rangi ya peremende, ile ya sukari iliyoyeyushwa. Waliopata vipande vya asili na kuvichunguza wanaeleza rangi ya kijivu yenye uzaituni, inayong'aa. Sasa mnaopuliza rangi mnajua: jua la kisiwani na chumvi ya bahari huifanya rangi itoe unga, na unga huo huigeuza kuwa nyeupe kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo mashahidi wawili wanaweza kupingana na wote wakasema kweli, mmoja ameona ndege mpya, mwingine ameona iliyokaa miezi sita Rabaul, kambi kubwa ya Wajapani kisiwani karibu na New Guinea. Ukifuta ule unga kwa kitambaa chenye mafuta, rangi ya chini hujitokeza. Jambo dogo kabisa, lakini mabishano mengi yangekwisha kama watu wangelifanya mapema.

Niwaambie na habari ya mabaka. Mwanzoni mwa vita Zero haikuwa na rangi ya kujificha ya msituni. Ilikuwa kijivu tupu, kwa sababu iliruka kutoka manowari baharini, na tena ilikuwa ndiyo inayowinda. Kisha Wamarekani na Waaustralia wakaanza kuvipiga viwanja vya New Guinea na visiwa vya Solomon. Ndege iliyoegeshwa chini ya minazi ikiwa inang'aa kijivu ni kama shati jeupe kwenye shamba la mihogo. Mafundi wa viwanjani wakachukua bomba la kupulizia na rangi ya kijani, wakapaka wenyewe: madoa, mistari inayojikunja kama nyoka, wengine wakafunika juu yote. Hakuna mbili zilizofanana. Kufikia katikati ya 1943 ndipo viwanda vyenyewe vilipoanza kuzitoa zikiwa kijani kibichi juu na kijivu chini. Ukipata picha ya Zero yenye mabaka ya kupulizwa kwa mkono, unajua ndege ile imeishi mahali ambapo mabomu yalikuwa yanaanguka.

Jeshi la nchi kavu la Japani lilikuwa na ndege zake, mbali na zile za jeshi la majini, na taabu yao katika rangi ilikuwa kubwa zaidi. Mara nyingi walipaka juu ya alumini tupu bila praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine. Vijana, mnajua kitakachotokea. Rangi ilibanduka kama maganda ya kitunguu. Ukitazama picha za ndege zao zilizotekwa New Guinea au Ufilipino, utaona alumini inamulika kwenye maungo ya mabati, kwenye vichwa vya ribiti, mahali fundi alipokanyaga. Mtu asiyejua huona uzembe. Mimi naona nchi iliyobanwa, inayotaka ndege itoke kiwandani leo hii, na fundi ambaye hakupewa siku ya kungoja praima ikauke.

Kuanzia 1942 pia utaona rangi ya njano kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, kutoka karibu na kiwiliwili kwenda nje. Hiyo ilikuwa ya kutambuana wenyewe kwa wenyewe. Kwani hofu ya kupigwa na ndugu yako haikuwa ya Wamarekani peke yao. Mwezi Mei 1942 Marekani iliondoa doa jekundu lililokuwa katikati ya nyota yake, kwa kuogopa lisidhaniwe kuwa jua la Japani. Waingereza na Waaustralia nao wakaondoa nyekundu kwenye maduara yao upande huo wa dunia. Hili linawagusa na wazee wetu. Askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walitembea kwa miguu kwenye tope la Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, na ndege zilizowapita juu, zile za upande wao, zilikuwa na maduara ya buluu yasiyo na nyekundu. Kwa askari aliyelala kwenye matope akitazama juu, kanuni ilikuwa nyepesi: ukiona jekundu, jifiche.

Sasa niingie kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni namna ya kuisoma ndege.

Zero iliundwa na viwanda viwili, Mitsubishi waliobuni na Nakajima waliopewa nao kazi ya kuiunda. Ndege ni ile ile, lakini mkono wa fundi haufichiki. Tazama mahali kijani cha juu kinapokutana na kijivu cha chini, karibu na mkia. Kwenye za Mitsubishi mstari huo unakwenda moja kwa moja hadi ncha ya nyuma. Kwenye za Nakajima unapanda kwa mviringo hadi mbele ya bawa dogo la mkia. Zile za kijivu za mwanzo, Nakajima walizungushia hinomaru ya ubavuni ukingo mweupe, Mitsubishi hawakufanya hivyo. Fungua ndani, mahali gurudumu linapoingia: alumini imepakwa laka nyembamba inayopitisha mwanga, ya buluu inayoelekea kijani. Wajapani huiita aotake, maana yake mwanzi mbichi wa kijani. Ilikuwa kinga dhidi ya kutu, na inapendeza mno. Nimeona picha za mabaki yaliyotolewa msituni baada ya miongo mingi, na aotake bado inang'aa ndani ya bawa.

Kisha kuna maandishi ya chapa ubavuni karibu na mkia: aina ya ndege, namba ya kuundwa, tarehe iliyokamilika. Na ndani, vibati vidogo kwenye injini, kwenye pampu, kwenye vyombo.

Wamarekani na Waaustralia walilijua hilo mapema. Huko Brisbane, Australia, uwanja wa Eagle Farm, katika banda namba 7, waliweka kikosi cha kuchunguza ndege za Japani. Walikusanya mabaki ya Zero zilizotekwa Buna, New Guinea, mwishoni mwa 1942, wakaunganisha kipande cha hii na kipande cha ile, na mwezi Julai 1943 ikapatikana moja inayoruka. Mwanajeshi aitwaye Frank McCoy, mtu wa Tennessee, ndiye aliyeongoza kazi ya kuzipa ndege hizo majina mepesi kwa marubani: za kupigana zikapewa majina ya kiume, za mabomu majina ya kike. Zero ikawa Zeke. Hayate, ndege bora ya jeshi la nchi kavu, ikapewa jina lake mwenyewe, Frank.

Lakini kazi kubwa ya kimyakimya ilikuwa ile ya kukusanya namba. Kila ndege iliyoanguka iliendewa, porini au ufukweni, na namba zake zikanakiliwa. Ukiwa na namba za kutosha na tarehe zake, unajua kiwanda gani kinatoa ndege ngapi kwa mwezi, na injini inatoka mji gani. Adui wao mkubwa katika kazi hiyo alikuwa askari wao wenyewe. Askari alipokuta Zero iliyoanguka alitoa kisu, akakata hinomaru, akang'oa kibati, akaenda nacho nyumbani kama kumbukumbu. Mchunguzi akifika, ndege haina jina.

Nanyi mnajua gari la wizi linavyofanywa. Hupakwa rangi mpya, hubadilishwa namba, na polisi mwerevu hafuati rangi, anafunua boneti kutafuta chesisi. Ndege iliyotekwa ni hivyo hivyo, ila mwenye kuipaka rangi hakuwa mwizi, alikuwa anamlinda rubani wake.

Na kila mtekaji alipaka kwa namna yake. Wachina waliipata Zero iliyotua katika rasi ya Leizhou mwezi Novemba 1941, kabla hata ya Pearl Harbor. Fundi Mjerumani, Gerhard Neumann, aliyekuwa akifanya kazi na marubani wa Kimarekani huko China, akaifufua, nayo ikaruka na jua jeupe la China kwenye mabawa na namba P-5016 kwenye mkia. Neumann huyo baadaye aliongoza utengenezaji wa injini za jeti wa General Electric, kwa hiyo msidharau mtu mnayemkuta gizani amelala chini ya ndege. Waingereza huko Malaya, mwaka 1946, waliandika ATAIU SEA, kifupi cha jina la kikosi cha kuchunguza ndege za adui, kwa herufi nyeupe ubavuni, wakaweka maduara yao, na ndani waliketi marubani wa Kijapani wenyewe wakiziendesha chini ya uangalizi. Zilizofika Marekani zilipewa namba zinazoanza na FE, baadaye T2, na hizo FE mtazikuta hadi leo kwenye kumbukumbu za makumbusho.

Walio uwanja wa Clark, Ufilipino, mwaka 1945, walikwenda mbali zaidi. Hayate waliyoipa namba S17 waliibandua rangi yote ikabaki alumini inayong'aa, wakapaka usukani wa mkia mistari myekundu na myeupe na mkanda wa buluu, kama ndege za Marekani zilivyokuwa kabla ya vita. Ile nyekundu waliyoiondoa kwa hofu mwaka 1942 ikarudi, tena kwenye ndege ya Kijapani. Picha zake ni nzuri sana. Kila nikizitazama huumia, maana najua kila kitu kilichokuwa juu ya alumini ile, nembo ya kikosi, viraka vya risasi vilivyopakwa juu, kilikwenda na thina.

Hayate moja tu ndiyo iliyosalia duniani. Nayo ilitekwa Clark mwaka 1945, ikaenda Marekani, ikarudi Japani mwaka 1973, na sasa iko katika makumbusho ya Chiran, mkoa wa Kagoshima.

Kuna rangi moja ambayo Wajapani waliamriwa wajipake wenyewe. Vita vilipokwisha, Agosti 1945, Jenerali MacArthur, kamanda wa Wamarekani na washirika wao, aliagiza ujumbe wao uje kupokea masharti ya kusalimu amri, ndani ya ndege iliyopakwa nyeupe yote, yenye misalaba ya kijani ubavuni na juu na chini ya mabawa, inayotambulika kutoka yadi 500. Tarehe 19 Agosti ndege mbili za mabomu zilitua Ie Shima, karibu na Okinawa, zikimleta Jenerali Kawabe na wenzake. Baada ya hapo ndege nyingine zilizoruhusiwa kuruka zilipakwa misalaba hiyo hiyo. Mimi huwaza juu ya wale mafundi. Mtu amepaka jua jekundu miaka minane, kisha asubuhi moja anapewa ndoo ya nyeupe na ndoo ya kijani, na lazima akaze mkono ili mstari utoke ulionyooka, kwa sababu mstari ukipinda, huenda watu waliomo ndani wakapigwa.

Ziko chache zilizopona. Zero yenye namba 61-120, iliyotekwa uwanja wa Aslito, Saipan, mwezi Juni 1944, iko Chino, California, nayo inaruka mpaka leo kwa injini yake ya asili ya Sakae. Ile 61 ni tarakimu za mwisho za kikosi chake, cha 261. Na huko Smithsonian, Washington, wapo mafundi walioirudisha Gekko, ndege ya kupigana usiku, wakatumia saa 17,000 kuanzia 1979 hadi 1983. Gekko yao ilikuwa mojawapo ya ndege 145 zilizopakiwa kwenye manowari tatu na kupelekwa Marekani baada ya vita. Nyingine nyingi ziliishia kuwa chuma chakavu.

Basi turudi kwenye hiki kipande mezani. Kimetoka kwenye bawa la ndege ndogo iliyostaafu katika karakana niliyofanyia kazi. Juu ni nyeupe, niliipiga mwenyewe. Siku tunaivunja nilichukua msasa laini wenye maji, nikasugua sehemu ya ukubwa wa sarafu, kwa mviringo, taratibu, mpaka kwenye alumini. Mtaona pete, kama za shina la mti. Nilipoipaka mimi, miaka mingi iliyopita, sikutazama kilichokuwa chini. Nilipiga msasa wa haraka na kupuliza, kwa sababu mteja alikuwa anangoja. Chini ya nyeupe yangu kuna njano. Chini ya njano kuna herufi ya usajili wa nchi ambayo sikujua kamwe kuwa ndege ile iliwahi kuishi.

Njooni sasa, wanne wanne, msisukumane. Lenzi iko hapa, taa iko hapa. Kila mmoja ahesabu pete na aandike kwenye daftari lake rangi anazoziona, kuanzia chini kwenda juu, bila kumuuliza jirani. Tukimaliza tutalinganisha.